Waliopanda Shamba la Bu Lastri

Tulimzika Kiptoo nyumbani kwake, mbele kidogo ya mji mdogo wa Plateau, asubuhi ya baridi ambayo mvua ilitishia kunyesha na haikunyesha. Nilipewa kipaza sauti kama rafiki wa marehemu, na kama ilivyo kawaida yangu sikukirudisha upesi. Niliwaambia waombolezaji kwamba sisi wawili ndio tuliokuwa wa kwanza kutoka pande hizi kusomea kilimo katika kisiwa cha Java, huko Indonesia, wakati vijana wengi wa rika letu walikuwa hawajafika hata Nakuru. Niliwaambia pia kwamba shamba langu la mafunzo ndilo lililotoa mpunga mwingi kuliko la mwanafunzi mwingine yeyote wa mwaka wetu. Watu wakapiga makofi, kwa kiasi ambacho watu wanaweza kupiga makofi matangani. Baadaye tukiwa tumekaa na sahani za wali na kabeji mapajani, mjane wake, Mama Jebet, aliniinamia akasema, "Mwangi, kuna kitu nataka kukuuliza. Mzee akisikia unataja hayo mavuno yako alikuwa anacheka mpaka anatoa machozi. Nikimuuliza ananiambia, hiyo ni maneno ya Mwangi, muulize mwenyewe. Sasa ninakuuliza. Ilikuwa nini?" Nilimwambia ulikuwa utani tu wa vijana. Akainuka akaenda kuwaona wageni wengine. Nilichomwambia kilikuwa uongo, na kwa kuwa sikuweza kumjibu mbele ya sufuria za matanga, ninamjibu hapa.

Nianze na yale ambayo kila mtu wa kwetu Yamumbi anayajua, maana sioni aibu kuyasema. Diploma yangu iko ukutani sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, na mgeni akiingia kwangu ataiona kabla hajaonyeshwa pa kukaa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilichoma mahindi karibu na maghala ya mbao ya Eldoret, nikasomea kwenye gunia la makaa, nikaingia kidato cha sita kwa jasho langu. Siku ya usaili wa ufadhili wa masomo nilivaa koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko. Wazee watano walikuwa wamekaa chini ya picha ya Rais, na wa katikati hakuniuliza lolote kuhusu kilimo. Aliniuliza kama nina kadi ya chama. Nilikuwa nayo. Akauliza kama nina barua ya chifu. Nilikuwa nayo. "Na ukifika huko ng'ambo utaisemaje serikali yako?" Nikajibu, "Vizuri, Mheshimiwa." Miaka ile hilo lilikuwa jibu la kilimo, jibu la hesabu na jibu la Biblia. Nje ya mlango nikamkuta kijana mrefu mwembamba akingoja zamu yake, naye akaninong'oneza, "Wameuliza nini huko?" Nikamwambia, "Sema vizuri, Mheshimiwa." Huyo ndiye aliyekuwa Kiptoo. Miezi mitatu baadaye tulikaa kiti kwa kiti ndani ya ndege, yeye ameshikilia chupa ya maziwa ambayo askari wa uwanjani walikuwa wamejaribu kumnyang'anya mara mbili.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule wa mwisho wa masomo, ambao kila mwanafunzi alipelekwa kuishi kijijini na kusimamia shamba la mkulima mmoja. Sisi tulipelekwa Tegalpari. Usilitafute jina hilo kwenye ramani, hata wenzetu wa chuoni waliozaliwa Java hawakulijua. Ilikuwa mistari miwili ya nyumba za mianzi kando ya mfereji, mashamba ya mpunga pande zote, na upande wa kaskazini, ambako kwetu ungetazamia kuona mlima, palikuwa na mabomba ya moshi ya viwanda. Kimoja kilitengeneza saruji, kingine mbolea, na vingine hatukujua vilitengeneza nini. Upepo ukigeuka, vumbi jeupe lilitua juu ya migomba, na wanawake waliokuwa wameanika nguo wakazianua huku wakicheka kana kwamba ni mvua ya kawaida. Kila alfajiri mabasi ya viwanda yalikuja mpaka kwenye daraja la mfereji na kuwachukua wasichana na wanaume waliokwisha kuuza mashamba yao, kisha kijiji kikabaki na wazee, watoto, kinamama na bata. Mimi niliyezaliwa mahali ambapo ekari hamsini ni shamba la mtu wa kawaida tu, niliposimama mbele ya shamba nililopewa kusimamia nilidhani nimeonyeshwa kitalu. "Hii ni bustani ya sukuma wiki," nilimwambia Kiptoo. Akanijibu, "Nyamaza, bana. Watu wanakula hapa tangu nyanya ya nyanya yao."

Shamba lilikuwa la Bu Lastri, na Bu kwao ni kama Mama kwetu. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, asiyepaza sauti, ambaye alitembea kwenye matuta membamba ya mpunga kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Mumewe, Pak Karso, yaani Mzee Karso, alikuwa bawabu katika kiwanda cha saruji, akirudi nyumbani kwa baiskeli na buti zilizojaa vumbi. Nyumba yao ilikuwa na sakafu ya udongo uliopigwa ukawa laini kama sahani, na kuta za mianzi iliyosukwa, hivi kwamba chumba changu na chao vilitenganishwa na kitu chembamba kuliko kikapu. Kiptoo aliwekwa nyumba ya pili, kwa bibi mzee mjane aliyeitwa Mbah Suti. Mbah ni Nyanya. Bibi huyo hakuwa na shamba hata la kuzika paka. Alikuwa na mikono tu, na mikono hiyo ilikuwa imejulikana kijiji kizima kwa kupanda mpunga kwa mistari iliyonyooka kuliko kamba. Alimwita Kiptoo "Cipto," jina lililokuwa la Kijava kabisa, na baada ya wiki mbili akawa anamtuma dukani kama mjukuu. Mimi nilibaki Mas Mwangi, na Mas ni kama kusema kaka.

Tulijifunza Kiindonesia haraka kuliko Wazungu waliokuwa chuoni, na hili nalo ninajivunia, ingawa ni haki niseme lugha yenyewe ilitusaidia. Dunia ni dunia, habari ni kabar, na kila neno linasomwa kama lilivyoandikwa. Chakula ndicho kilichotushinda. Kulikuwa na wali asubuhi, wali mchana na wali jioni, na pembeni keki ngumu ya soya iliyochachushwa, mboga za majini na pilipili ya kusaga ambayo siku ya kwanza ilinitoa machozi mbele ya familia nzima. Chai ilikuwa nyeusi na tamu kama dawa ya kikohozi. Kiptoo alilia maziwa. "Mwangi, mtu anaweza kufa kwa kukosa maziwa?" aliniuliza. Nikamwambia, "Wewe utakuwa wa kwanza, tutaandika kwenye ripoti." Siku moja tulinunua mahindi sokoni, tukayasagisha, tukasonga ugali katika jiko la Bu Lastri na kuula kwa mikono kama watu waliotoka jela. Tulipoinua macho, mama wa watu alikuwa amesimama mlangoni akilia kimyakimya. Ilituchukua jioni nzima kuelewa kwamba kwao mahindi ni chakula cha mwaka wa njaa, na kwamba alidhani majirani watasema anawanyima wageni wali. Kiptoo alimega tonge, akalichovya katika pilipili, akampa. Alilitafuna kwa muda mrefu sana. "Linashibisha," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemsifu mtoto wa jirani ambaye si mzuri wa sura.

Kupanda kulifanyika mwanzoni mwa mwaka. Niliamka nikakuta wanawake kumi na wawili wameshaingia shambani, Mbah Suti mbele, wameinama na vitita vya miche, wakirudi kinyumenyume ndani ya tope huku wakisimuliana habari za vijiji vitatu. Hawakulipwa. Wiki chache baadaye wakaja kupalilia, na hapo pia hawakulipwa. Nilimuuliza Bu Lastri, akasema, "Ndivyo tunavyofanya, Mas. Wanapanda, wanapalilia." Alitaka kuendelea, nikamkatiza. Nilimwambia kwetu pia tuna harambee, tunasaidiana, naelewa kabisa. Nikaandika kwenye daftari langu: gharama ya kupanda, hakuna, gharama ya kupalilia, hakuna. Usiku wa miaka mingi nimeiona ile mistari miwili, na mwandiko wangu wakati ule ulikuwa mzuri sana.

Mpunga ulipoanza kuwa wa dhahabu nilikwenda kutazama mavuno ya shamba la jirani, na nilichokiona kilinikera kama msomi. Wanawake waliingia na vijisu vidogo vinavyofichwa kiganjani, wakakata suke moja moja. Kisha kila mtu akaleta miganda yake mbele ya mwenye shamba, na katika kila miganda sita mmoja ukawa wake. Moja kwa sita! Nilikuwa nimeona kombaini ikila ngano ya ekari mia kwetu Uasin Gishu kabla ya chakula cha mchana, na hapa watu wanakata suke moja moja na kubeba sehemu moja ya sita. Sokoni nilikuwa nimekutana na kiongozi wa kundi la wanaume wenye miundu kutoka mbali, ambao walikuwa wakivuna kwa sehemu moja ya kumi tu, na kwa nusu siku. Nilimwambia Bu Lastri mpango wangu wakati akichambua mchele kwenye ungo. Mikono yake ikasimama. "Na waliopanda?" aliuliza. Nikamwambia waliopanda tutawashukuru, lakini chuo kinataka mbinu bora, na shamba la mafunzo msimu huu liko chini yangu. "Mas ndiye msomi," alisema, na mikono yake ikaendelea na mchele. Nilichukua hilo kuwa ruhusa.

Wanaume wa miundu walikuja alfajiri ya siku niliyoichagua. Walikuwa wameshamaliza robo ya shamba nilipoinua kichwa na kuwaona wale wanawake kumi na wawili kwenye tuta, wamevaa kofia zao za mianzi, vijisu mikononi. Hawakupiga kelele. Kwetu Yamumbi ungesikia matusi mpaka Langas, na mawe mawili matatu yangerushwa, na kufikia saa nne kila mtu angekuwa amejua kosa liko wapi. Hawa walisimama tu, wakatazama, kisha Mbah Suti akageuka na wengine wakamfuata kwa mstari mmoja kwenye lile tuta jembamba. Kiptoo alikuja mbio kutoka nyumbani, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Wewe Mwangi, umefanya nini?"

"Nimevuna."

"Umevuna ya nani? Hao wamama wamepanda bure wakingoja leo. Hiyo ndiyo mshahara yao. Mbah Suti ameniambia tangu zamani."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua! Si wewe ndio unajua kila kitu?" Akatema mate kando. "Kwetu kombaini ikipita, si wamama wanaingia kuokota mahindi imebaki? Na mama yako alikuwa anaingia na kikapu, uliniambia mwenyewe. Kama ungekuwa mwenye shamba ungemfukuza?"

Nilimwambia asinitajie mama yangu. Hatukuongea siku nne. Wakati huo mwalimu wetu alikuja na mizani, akapima mpunga uliobaki kwa Bu Lastri baada ya sehemu ya wavunaji, akanipa mkono mbele ya mkuu wa kijiji. Ulikuwa mwingi kuliko wa mwanafunzi yeyote. Hilo ni kweli, na sitalipunguza hata kidogo. Ofisini kwa mkuu palikuwa na picha ya rais wao, mahali palepale ukutani ambapo kwetu palikuwa na ya kwetu, na chini yake watu walizungumza kwa sauti ileile ya chini tuliyoijua tangu nyumbani. Mkuu aliniambia, "Hongera, Mas." Hakuniangalia.

Msimu mwingine ulianza. Bu Lastri alisia mbegu kitaluni, maji yakafunguliwa shambani kwa zamu yake, na sisi tukalainisha tope kwa jembe la kukokotwa na nyati wa kufugwa. Miche ya mpunga ina siku zake. Ikizidi wiki tatu na siku chache inakomaa, na ukiihamisha haitatoa kitu cha maana. Nilihesabu siku. Ya ishirini, hakuja mtu. Ya ishirini na moja, hakuja mtu. Niliwaona wale wanawake wakienda kupanda shamba la jirani, wakapita mbele ya lango letu wakasalimia kwa adabu yote, "Mari, Mas," yaani tunapita, Kaka, wakaendelea. Jioni hiyo nilikuwa chumbani nikinoa penseli wakati Pak Karso alipoingia kutoka kazini, na kupitia ule ukuta wa mianzi nikasikia kila kitu.

"Yule wakala wa kiwanda amenifuata tena getini," alisema Pak Karso. "Wanataka kupanua barabara ya malori. Amenipa karatasi, anasema Alhamisi atakuja kuchukua sahihi."

"Shamba la baba yangu," alisema Bu Lastri.

"Shamba bila wapandaji ni dimbwi la bata, Bu. Wewe na mimi tutalipanda wawili? Miche itazeeka. Msimu huu hawakuja, na ujao hawatakuja."

Nikasikia kijiko kikizunguka kwenye glasi ya chai.

"Tumwambie yule kijana?" aliuliza Pak Karso.

"Ni mgeni. Mama yake yuko mbali. Ukimwambia atapata aibu, na hana pa kwenda nayo."

Nilikaa na ile penseli mkononi mpaka giza likaingia. Nimeambiwa mengi maishani mwangu, nimetukanwa na mabosi wa Kizungu na wa kwetu, lakini sijawahi kupigwa na kitu kizito kama ile huruma. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Kiptoo nikamkuta akipasua kuni za Mbah Suti. Nilimwambia yote. Nilitegemea atafurahi kwamba nimeanguka, lakini aliweka shoka chini. "Sasa tunafanya aje?" alisema. Alisema tunafanya, hakusema unafanya. Mjane wake anapaswa kulijua neno hilo zaidi ya yote.

Tulianza kwa kosa lingine, na wazo lilikuwa langu. Bu Lastri alikubali tutoe ghalani sehemu ya sita ya mavuno, tukaining'iniza kwenye mti wa kubebea mabegani na kwenda nyumba kwa nyumba. Wanawake walitupokea, wakatupa chai, wakapokea mpunga kwa mikono miwili na kushukuru, na hakuna aliyesema atakuja shambani. Mbah Suti hakupokea. Alikuwa akisuka ukili barazani, na hakuinua macho.

"Huo ni sadaka?" aliuliza.

"Hapana, Mbah. Ni haki yako."

"Haki yangu nilikuwa niichukue kwa kisu changu, shambani, mchana, watu wakiona. Hukunipunja mpunga, Mas. Ulinionyesha kijiji kizima kama mtu aliyekuja kuomba."

Nikamwambia msimu huu wakipanda watavuna wao. "Nani anasema?" aliuliza.

"Mimi."

"Wewe utapanda ndege," alisema Mbah Suti, akageukia ukili wake.

Jumatano alfajiri, siku ya ishirini na tatu ya miche, Kiptoo na mimi tuliingia shambani wenyewe. Bu Lastri aliingia nasi. Sijui kama msomaji amewahi kuona watu wawili wa Uasin Gishu, warefu kama nguzo za simu, wakipanda mpunga. Tope lilifika magotini. Unainama mpaka kiuno kinalia, unachomeka mche kwa vidole vitatu, unarudi nyuma hatua moja, na mguu wako unang'oa ule uliopanda sasa hivi. Kufikia saa mbili mistari yangu ilikuwa imepinda kama barabara ya Iten, na Kiptoo alikuwa ameanguka kwa makalio mara mbili. Watoto wakaja kwanza kwenye tuta. Kisha bata. Kisha kina mama, mmoja mmoja, mpaka niliwahesabu kumi na wawili. Mmoja wao akaita, "Mas Mwangi, hiyo unapanda au unazika?" Wengine wakajifunika vinywa. "Cipto, mwinue mwenzako, anataka kuota!" Kiptoo akawajibu kwa Kijava kibovu kwamba mimi ni msomi, na huko Afrika msomi hupanda kwa mviringo. Wakacheka mpaka wakashikana mabega, nami nikacheka, tope mpaka kwenye nyusi. Kama kuna siku ambayo sikuwa na haja ya kuonekana mtu, ilikuwa ile.

Bu Lastri alipanda juu ya tuta, akajinyoosha mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alipaza sauti. "Nasema mbele yenu wote, na mbele ya wageni wangu. Atakayeingia leo na mche, ataingia na kisu siku ya kuvuna. Yeye, si mwingine. Na mimi nikiwa hai, hakuna mundu utakaotangulia." Upande wa kaskazini moshi ulikuwa ukienda moja kwa moja juu. Mbah Suti alivua kandambili zake, akaziweka sambamba kando ya tuta kama mtu anayeingia msikitini, akashuka kwenye tope mpaka niliposimama mimi. Alianza kung'oa miche yangu, mmoja baada ya mwingine, mstari wote, na kuipanda upya ikiwa imenyooka. Wengine wakaingia nyuma yake.

Pak Karso alitoka kazini mchana akatukuta huko. Aliegemeza baiskeli kwenye mnazi. Nilijua alikuwa na zile karatasi za wakala, kwa sababu niliona bahasha ya kahawia imechomoza kwenye mfuko wa shati la kazi. Alisimama akatazama muda mrefu, mistari ile ya kijani ikizidi kujaa, mkewe katikati. Kisha akakaa chini, akavua buti moja, akavua ya pili, akalivua shati na bahasha yake ndani, akalitundika kwenye mpini wa baiskeli. Akashuka. Wakala alikuja Alhamisi kweli, akanywa chai ya Bu Lastri, akaongea kuhusu mvua, akaondoka bila sahihi.

Niliandika ripoti yangu upya. Pale nilipokuwa nimeandika hakuna, niliandika kazi ya wanawake kumi na wawili kwa siku zao zote, na chini yake kwamba mbinu yangu ya mavuno ilikuwa kuwanyima watu ujira wao. Mwalimu alisoma akakuna kichwa. "Ulikuwa wa kwanza," alisema. "Ukiiwasilisha hivi, sijui utakuwa wa ngapi." Nilikuwa wa mwisho miongoni mwa waliopita. Hilo halijaandikwa kwenye diploma iliyo ukutani kwangu, kwa sababu diploma haziandikwi hivyo, na katika miaka yote hii mtu mmoja tu nchini Kenya alikuwa akilijua. Alikuwa akikaa mbele ya Plateau, na hakuwahi kulitamka mbele ya mtu, hata siku zile nilipompita katika mikutano ya wakulima na kukaa meza ya mbele. Alicheka tu. Mama Jebet, hilo ndilo alilokuwa akilicheka.

Siku ya kuvuna, wiki mbili kabla ya kuondoka kwetu, tulikwenda shambani pamoja na wale wanawake, kwa kuwa nasi tulikuwa tumepanda. Mbah Suti alitupatia vijisu na kutuonyesha namna ya kuvificha kiganjani na kulivuta suke kwa vidole. Kiptoo alishika mara moja, mikono yake ilikuwa imezoea kukamua. Mimi nilijikata mara tatu kabla ya saa tatu. Mchana Bu Lastri aliketi kwenye mkeka chini ya kivuli cha migomba, na kila mmoja akaleta miganda yake mbele yake, miganda sita sita, naye akaweka mmoja kando. Mbah Suti alipata rundo ambalo sikuelewa mwanamke wa umri ule atalibebaje. Kiptoo alipata mitatu, akaitazama kama ng'ombe wa mahari. Ikafika zamu yangu. Niliweka miganda yangu chini, na wote kumi na wawili wakasogea karibu.

"Hesabu, Mas msomi," alisema Mbah Suti. "Wewe ndiye unayejua hesabu."

Nilihesabu kwa sauti, kwa lugha yao, mpaka sita. Nilikuwa nimefikisha sita kamili, na wa sita ulikuwa mwembamba sana. Bu Lastri aliuchukua mmoja, akaupima kwa jicho, akaurudisha, akachagua ulio mnene kuliko wote, akaniwekea mapajani. Hakuna aliyecheka. Niliubeba kichwani kama walivyobeba wengine, nikaingia kwenye mstari nyuma ya Kiptoo, na tukaenda kwenye lile tuta jembamba hatua kwa hatua, nikitazama visigino vya aliye mbele yangu ili nisianguke.